Maisha ya Amedeo Avogadro

Amedeo Avogadro alizaliwa mjini Turin mwaka 1776. Alisomea sheria, kisha akageukia fizikia na hisabati. Mwaka 1811 alitoa hoja kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika halijoto na kanieneo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Wanakemia wengi waliipuuza. Alifariki mwaka 1856. Miaka 4 baadaye Stanislao Cannizzaro aliitetea hoja hiyo mjini Karlsruhe, nayo ikaanza kukubalika.

Leo, mwanafunzi wa Cibitoke, Bujumbura, akipewa gramu 24 za kaboni, huzigawa kwa gramu 12 kwa kila moli: gramu hufutana na gramu, zikabaki moli 2. Akizidisha kwa atomu 6.022 × 10²³ kwa kila moli, moli nazo hufutana, zikabaki atomu 1.204 × 10²⁴.

Kizidisho hicho tunakiita idadi ya Avogadro. Tuzingatie -a unganifu. Katika *idadi ya atomu*, inaonyesha kinachohesabiwa. Katika *idadi ya Avogadro*, haionyeshi aliyehesabu, kwani Avogadro hakuikokotoa kamwe. Jean Perrin ndiye aliyependekeza jina hilo mwaka 1909, kwa heshima ya marehemu.