Hergé, muchoraji aliyechora Kongo bila kuikanyaga

Wachongaji wa vinyago wa Kinshasa wanamujua vizuri kijana mumoja muzungu, nywele zimesimama mbele, mbwa mweupe kando yake. Wanamuchonga kwa mbao, wanamupaka rangi, na wageni wanamununua. Ni Tintin. Lakini mutu aliyemuzaa kwa kalamu yake hakufika Kongo hata siku moja.

Mutu huyo ni Georges Remi, aliyezaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1907 huko Etterbeek, Brussels. Alichukua herufi za kwanza za majina yake, akazigeuza: R na G. Ukizisoma kwa Kifaransa unapata Hergé. Tangu utoto alikuwa skauti, na bede zake za kwanza zilitoka katika gazeti la maskauti.

Baadaye aliingia kazini kwa gazeti la Kikatoliki, Le Vingtième Siècle. Mukubwa wake, padri Norbert Wallez, alimupa kurasa za watoto, Le Petit Vingtième. Humo njo Tintin alizaliwa, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929, akisafiri kwenda kwa Wasovieti. Safari ya pili Hergé alitaka iende Marekani. Wallez akakataa: kwanza Kongo, ili watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao.

Tintin au Congo ilianza kutoka mwaka 1930. Hergé alitumia vitabu, vitu vya makumbusho ya Tervuren na masimulizi ya watu wa koloni. Matokeo tunayajua: Wakongomani wanachorwa kama watoto wasioelewa kitu, muzungu kijana anawaamua na kuwafundisha, na wanyama wanauawa ovyo. Mwaka 1946 alichora kitabu upya kwa rangi. Somo ambamo Tintin aliwaambia wanafunzi weusi kwamba inchi yao ni Ubelgiji likageuka somo la hesabu. Sura za watu hazikubadilika sana. Uzeeni alikubali kwamba alichora kwa mawazo ya wazungu wa wakati ule.

Kilichomubadilisha ni urafiki. Mwaka 1934 alikutana Brussels na Chang Chong-jen, mwanafunzi Muchina wa sanaa, aliyemueleza inchi yake namna ilivyo. Kutokea hapo, katika Le Lotus bleu, Hergé alianza kufanya uchunguzi mbele ya kuchora. Walipotezana miaka mingi, wakaonana tena mwaka 1981. Kongo haikubahatika kupata Chang wake.

Wakati wa vita, Hergé aliendelea kuchora katika Le Soir, gazeti lililokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ubelgiji ilipokombolewa mwaka 1944, alikamatwa, na kwa muda akazuiwa kufanya kazi ya magazeti. Mwaka 1946 likatoka gazeti jipya lenye jina la Tintin, na mwaka 1950 akafungua studio yake. Alikufa tarehe 3 mwezi wa tatu 1983, akiacha vitabu 23 vya Tintin vilivyokamilika na kimoja kisichoisha, bila kuhesabu Quick na Flupke, watoto watundu wa Brussels. Vimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 70.

Mwaka 2007 Mukongomani mumoja anayeishi Brussels alishitaki kitabu cha Kongo. Mwaka 2012 tribinali ilikataa kukipiga marufuku. Kwa hiyo kingali kinauzwa, na watoto wetu watakikuta.

Basi tuwape na vingine. Barly Baruti, muzaliwa wa Kisangani, amechora Madame Livingstone, hadisi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Humo Wakongomani wana akili, majina na siri zao. Muzazi akiweka vitabu hivyo viwili mezani, mutoto mwenyewe ataona tofauti kati ya kuchorwa na mutu wa mbali na kuchorwa na mutu wa kwenu.