John Adams

John Adams (30 Oktoba 1735 – 4 Julai 1826) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani, na Rais wa pili wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1797 hadi 1801. Kabla ya hapo alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza, chini ya George Washington.

Maisha ya awali

Alizaliwa Braintree (leo Quincy), katika koloni la Massachusetts. Baba yake alikuwa mkulima na mshona viatu. Alihitimu Harvard mwaka 1755, akafundisha shule kwa muda, kisha akawa wakili. Mwaka 1764 alimwoa Abigail Smith.

Mwaka 1770 wanajeshi wa Uingereza waliua watu 5 mjini Boston. Ingawa Adams alipinga kodi za Waingereza, alikubali kuwatetea mahakamani. Kapteni wao na askari 6 waliachiwa huru. Wengine 2 walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Tangazo la Uhuru

Katika Kongresi ya Bara huko Philadelphia, Adams alikuwa mtetezi mkubwa wa uhuru. Aliteuliwa katika kamati ya watu 5 iliyoandaa Tangazo la Uhuru. Thomas Jefferson wa Virginia aliandika rasimu, naye Adams akaitetea mbele ya wajumbe.

Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2 Julai 1776. Kesho yake Adams alimwandikia mkewe kwamba vizazi vijavyo vitaadhimisha tarehe hiyo. Lakini maneno ya Tangazo yalipitishwa tarehe 4 Julai, na tarehe hiyo ndiyo iliyoandikwa juu ya hati. Hivyo sikukuu ya taifa ikawa 4 Julai.

Urais

Wakati wa urais wake, Marekani na Ufaransa zilipigana baharini bila kutangaza vita. Mwaka 1798 alitia saini sheria zilizobana wageni na wakosoaji wa serikali, jambo linalolaumiwa hadi leo. Hata hivyo alikataa vita kamili na kutafuta amani, uamuzi uliokigawa chama chake. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 alishindwa na Jefferson, akaondoka mjini Washington bila kuhudhuria kuapishwa kwake.

Upatanisho na kifo

Wawili hao walikaa miaka mingi bila kuandikiana. Mwaka 1812 rafiki yao, daktari Benjamin Rush, aliwapatanisha, wakaendelea kupeana barua hadi mwisho wa maisha yao.

Adams alifariki nyumbani kwake Quincy tarehe 4 Julai 1826, akiwa na umri wa miaka 90, Tangazo lilipotimiza miaka 50. Hakujua kwamba Jefferson, mwenye miaka 83, alikuwa amefariki saa chache kabla yake huko Monticello, Virginia. Wakati huo Rais wa Marekani alikuwa mwanawe Adams, John Quincy Adams. Rais wa tano, James Monroe, naye alifariki tarehe 4 Julai, mwaka 1831.