Edsger Dijkstra: Jamaa aliyezifunza kompyuta kugawana bila kupigana

Hebu nikuulize. Umewahi kuazima chaja ya mwenzako, ukaisahau kwako wiki nzima? Sasa fikiria ploti nzima ina watu wa aina yako. Kila mtu anaazima, hakuna anayerudisha. Mwezi haujaisha na hakuna mwenye chaja.

Simu yako ni ploti kama hiyo. Kamera, spika, skrini, kila kifaa kina programu ndogo ya kukiongoza, ambayo mafundi huiita draiva. Ikianza kazi huomba nafasi kwenye memori na njia ya kuishtua prosesa. Ikimaliza, inafaa kurudisha vyote. Isiporudisha, simu inaanza kuganda, na wewe unailaumu bure kwamba imezeeka.

Mmoja wa watu wa kwanza kuliumizia kichwa suala hili la kugawana na kurudisha alikuwa Mholanzi, Edsger Dijkstra. Alizaliwa Rotterdam mwaka wa 1930, baba mwanakemia, mama mwanahisabati. Kijana mwenyewe aliwazia kusomea sheria, lakini akaishia kwenye fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Mwaka wa 1951 alienda Cambridge, Uingereza, kwa kozi fupi ya kuandika programu, na mwaka uliofuata akaanza kibarua hicho katika Kituo cha Hisabati, Amsterdam. Hapo ndipo akili ikagawanyika. Fizikia ilikuwa na heshima zake. Programu je? Nani angemwelewa? Mkubwa wake kazini, Adriaan van Wijngaarden, alimtuliza: kompyuta hazitaondoka, na huenda yeye ndiye wa kuipa kazi hii heshima. Dijkstra akamaliza digrii yake haraka, kisha akafuata programu. (Mimi chuo niliacha katikati. Yeye alimaliza kwanza, sitakudanganya.)

Kama wazazi wako bado hawaelewi unafanya nini na laptopu usiku kucha, sikia hii. Alipooa mwaka wa 1957, alijaza kwenye fomu kwamba kazi yake ni kuandika programu. Maafisa wa Amsterdam wakakataa. Kwao, kazi kama hiyo haikuwepo! Ikabidi aandike kwamba ni mwanafizikia.

Na mwaka mmoja kabla ya hapo, jamaa huyu asiye na kazi inayotambulika alikuwa ameketi kwenye mkahawa na mchumba wake, wamechoka baada ya kuzunguka madukani. Kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akapata mbinu ya kutafuta njia fupi zaidi kati ya miji miwili. Ukiuliza ramani ya simu njia ya kufika unakoenda, unatumia mawazo yaliyotokana na kikombe kile cha kahawa.

Lakini turudi kwa vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo chao kilikuwa kinaunda kompyuta iitwayo X1. Badala ya prosesa kusubiri kifaa kimalize, kifaa kingeikatiza kikiwa tayari, wakati wowote. Dijkstra aliogopa. Programu ikikatizwa mahali popote, hitilafu inaweza kutokea leo na isionekane tena ukiitafuta. Mwishowe akakubali, akaandika programu ya kupokea mikatizo hiyo: inahifadhi kila kitu ilichokikuta, inahudumia kifaa, kisha inarudisha kila kitu mahali pake kana kwamba hakuna aliyepita. Kazi hiyo ilimpa shahada ya uzamifu mwaka wa 1959.

Miaka ya 1960, akiwa Eindhoven, aliona hatari nyingine. Programu A imeshika printa na inasubiri diski. Programu B imeshika diski na inasubiri printa. Hakuna anayeachilia, zote zimekwama milele. Kwa suala zima la kugawana, alitoa mbinu mbili. Moja ni semafo, alama inayosema nani aingie na nani angoje, na inayomtaka aliyeingia aachilie akitoka. Ya pili inafuata akili ya benki: usimkopeshe mtu kama baada ya kumpa hutaona tena mpangilio ambao kila mteja atapata anachohitaji, amalize na alipe.

Mwaka wa 1972 alipata Tuzo ya Turing, ile kubwa kabisa ya kompyuta. Mwaka wa 1978, yeye na wenzake wanne walichapisha mbinu ya kusafisha memori huku programu ikiendelea kukimbia, bila kuisimamisha. Mfagiaji anafagia na wateja wakiwa bado mezani.

Alikuwa mkali pia. Barua yake ya mwaka wa 1968 ilishambulia amri ya kuruka kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine, na ugomvi wake haujaisha. Draiva nyingi za Linux, ambayo ndiyo kiini cha Android, zilitumia amri hiyo hiyo kurudisha vitu hatua moja ikifeli. Sahau ngazi moja tu, na kitu kimepotea. Mwaka wa 2007 Linux ikapata utaratibu mwingine: kiini chenyewe kinaweka orodha ya kilichoazimwa, na kifaa kikiondoka kinarudisha vyote, cha mwisho kwanza.

Dijkstra hakuuona. Saratani ilimuua tarehe 6 Agosti 2002, nyumbani Nuenen, akiwa ameacha maandishi zaidi ya 1,300, mengi ya kalamu ya wino.

Kwa hivyo kazi yako ikikosa jina kwenye fomu, iandike tu. Na ile chaja, tafadhali, irudishe leo.