Alitumwa kusomea mishumaa, akaishia kupewa saa ya Big Ben

Big Ben unaijua. Ule mnara wa saa kando ya Bunge la Uingereza, jijini London, umeuona kwenye filamu mara ngapi? Lakini fundi aliyepewa kazi ya kuunda saa yenyewe ni wachache wanaomjua. Aliitwa Edward John Dent, na hakuwahi kuisikia ikigonga.

Dent alizaliwa London mwaka wa 1790. Mnamo 1804, akiwa bado mvulana, alikabidhiwa babu yake amfunze kutengeneza mishumaa. Maisha yalikuwa yashapangwa hivyo. Kumbe kule alikokuwa akilala, kwa binamu yake Richard Rippon, kazi ilikuwa ni saa tu. Kijana akanogewa. Kufikia 1807 alikuwa ameachana na mishumaa, akahamia kwa fundi wa saa.

Enzi hizo hakukuwa na GPS. Ili nahodha ajue amefika umbali gani mashariki au magharibi, alilinganisha saa za pale alipo, kwa kutazama jua, na za Greenwich, alizobeba kwenye saa maalum iitwayo kronomita. Saa ikipotea kidogo tu, meli inaweza kuishia mwambani.

Hapo ndipo Dent alipojijengea jina. Mwaka wa 1829, kronomita yake iliibuka ya kwanza katika majaribio ya Greenwich. Kwa mwaka mzima, mwendo wake ulibadilika kwa takriban nusu sekunde tu! Mwaka uliofuata akaingia ubia na John Roger Arnold, kisha mnamo 1840 akajitegemea.

Halafu Bunge likataka saa kubwa. Mwanafalaki George Airy akaweka sharti gumu: kengele ya kila saa isikosee kwa zaidi ya sekunde 1. Mafundi wengi walisema hilo haliwezekani, maana upepo husukuma mikono ya saa ya mnarani. Dent akasema ataweza. Alipewa kandarasi mwaka wa 1852.

Machi 1853, akafariki.

Kazi ikabaki mikononi mwa mwanawe wa kambo, Frederick, aliyezaliwa na jina la Rippon kabla ya kuchukua la Dent. Saa ilikamilika 1854, lakini mnara haukuwa tayari! Ikakaa karakanani miaka 5. Kumbe kungoja huko kulikuwa na faida: wakili Edmund Beckett Denison, aliyebuni mtambo huo, alipata muda wa kuuboresha ili upepo usivuruge timazi yake.

Mei 31, 1859, saa ikaanza kazi. Mpaka leo hurekebishwa kwa sarafu kuukuu za peni: ukiweka moja juu ya timazi, saa inaongeza kasi kwa sekunde 0.4 kwa siku. Sharti lile gumu alilokubali Dent bado linatimizwa hivyo, peni moja moja.