Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 17: Allidina Visram na Duka Moja Moja



Najua wengi wenu mnafunga huku hesabu ziko kichwani. Mnunuzi wa parachichi hajapita, mvua imeharibu njia na ndizi zinaivia shambani, genge haliuzi na Idi ndiyo hiyo inakuja. Basi kaa kidogo usome habari za Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India, katika jamii ya Waislamu Makhoja wa Ismailia. Akiwa na miaka 12 hivi alivuka bahari mpaka pwani yetu, akaajiriwa Bagamoyo na Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake mpaka leo liko Muhimbili. Hakuja na mali. Alikuwa kijana wa dukani tu.

Sasa tazama zama alizofanyia biashara. Mwaka 1888 vita vya Abushiri na Wajerumani vililipuka hapo hapo pwani. Miaka michache mbele sotoka ikamaliza ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Wazungu wakachora mipaka katikati ya njia za misafara. Kisha Waingereza wakajenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901, na biashara ya misafara ya Bagamoyo ikaanza kufifia. Katika hayo yote, ni lipi Allidina angeweza kulizuia? Hakuna hata moja.

Lakini kulikuwa na mambo yaliyokuwa mkononi mwake, na hayo hakuyaacha. Alifungua duka dogo, likisimama anafungua lingine mbele kidogo, kwenye njia ya misafara, hadi Ujiji. Aliuza vitu ambavyo watu wanavihitaji kila siku, kama nguo na chumvi. Asiye na fedha alileta alichonacho: nta, asali, ngozi, na pembe za ndovu pia. Reli ilipokuja hakukaa Bagamoyo kuilaumu. Aliifuata, akaweka maduka kando yake, akawauzia chakula wajenzi wake, mpaka akafika Kisumu, Jinja na Kampala. Yeye mwenyewe hakuweza kukaa kila duka, kwa hiyo aliweka watu aliowaamini, na wengi walioanza kama makarani wake wakaja kuwa wafanyabiashara wenyewe.

Alifariki Mombasa mwaka 1916, baada ya homa iliyompata katika safari ya Kongo. Na hapa, ndugu yangu, ndipo pa kuzingatia. Haikupita miaka mingi, ile biashara kubwa ikasambaratika. Alikuwa ameishikilia yeye mwenyewe, alipoondoka mshikaji hakuwepo. Kilichobaki na jina lake ni shule, Allidina Visram High School ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1923 kwa kumbukumbu yake. Watoto wanasoma hapo mpaka leo.

Tunapata nini sisi wa Rungwe? Bei ya parachichi haipangwi Tukuyu, wala mvua haiombi ruhusa yetu. Hiyo mkabidhi Mwenyezi Mungu. Ila mizani yako iko mkononi mwako. Kufungua genge saa ile ile kila siku ni juu yako. Kutenga mtaji usiuchanganye na hela ya futari, ni juu yako. Na deni la mali kauli, liandike! Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakuliona daftari kuwa jambo dogo, wewe unalidharauje?

Kazi ya leo ni moja. Baada ya Asri, kabla hujaanza pilika za futari, chukua daftari. Andika unaowadai na wanaokudai, majina na kiasi. Kisha mwite mkeo, mumeo au mwanao mkubwa, mwonyeshe. Siku ukiitwa na Mola wako, asibaki mtu anabahatisha haki za watu wengine. Na ukishajua ulicho nacho, utajua pia kama zaka imekuwajibikia.

Ee Allah, tubarikie kidogo chetu, utulipie madeni yetu, na utujaalie tuache nyuma kitakachowafaa watu. Aamin.

Mtumie na jirani yako wa sokoni.