Mtakatifu Bakhita na Dada Zetu Wanaokwenda Uarabuni



Hapa Mabawa, kama mitaa mingine ya Tanga, si ajabu kusikia binti fulani kapata kazi za ndani Oman. Nauli analipiwa, anaambiwa asiwe na wasiwasi. Kabla hujamsindikiza, msome kwanza Mtakatifu Josephine Bakhita.

Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto, watu wawili walimkuta nje ya kijiji, wakamtuma kichakani akawaletee kifurushi. Akatii, maana alilelewa kuheshimu wakubwa. Kumbe ndio mtego. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati, neno ambalo ni ndugu wa "bahati" yetu. Sisi wa Tanga tunaujua mchezo huo: watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa.

Aliuzwa mara kadhaa, El Obeid na Khartoum. Kwa ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa chale 114, zikatiwa chumvi. Mwaka 1883 akanunuliwa na konsuli wa Italia, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 akafika Italia, akakabidhiwa familia ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao.

Viboko viliisha, ila bado maisha yake yaliamuliwa na wengine. Darasani kwetu falsafa inasema mtu ni lengo, kamwe si chombo. Bakhita hakusoma falsafa, ila alilijua hilo. Akiwa kwa Masista Wakanosa kule Venice, akijifunza dini, mama mwenye nyumba alikuja kumchukua warudi Sudan. Akakataa. Masista wakasimama naye, na Patriaki wa Venice pia. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kisheria kwamba Italia haitambui utumwa; yuko huru.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896, akatumikia Schio jikoni na mlangoni hadi kufa kwake, 8 Februari 1947. Siku hiyo ndiyo Kanisa huombea waathirika wa biashara ya binadamu.

Vijana, "hapana" ya Bakhita ilifika mbali kwa sababu ilipata wa kuisikia. Dada yetu aliyenyang'anywa pasipoti na simu anaisema peke yake jikoni, nani amsikie? Basi kabla hajaondoka: wakala awe na leseni, mkataba ausome na kuuelewa, nakala ya pasipoti na anwani ya mwajiri zibaki nyumbani, namba ya ubalozi wetu Muscat aikariri. Na akinyamaza wiki mbili, tusiseme kaneemeka huko. Tumtafute.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee.