Mtakatifu Augustino na Kipimo cha Wakati

Katika mji mdogo wa Thagaste, unaoitwa leo Souk Ahras katika nchi ya Aljeria, alizaliwa mtoto tarehe 13 Novemba mwaka 354. Baba yake Patricius alikuwa bado hajabatizwa. Mama yake Monika alikuwa Mkristo wa sala nyingi. Mtoto akaitwa Augustino. Watu wengi wanamjua kwa sababu ya machozi ya mama yake na ya kuongoka kwake. Wachache wanajua kwamba mtu huyo huyo alichungua kwa makini sana namna roho ya binadamu inavyouhisi wakati unaopita.

Augustino alikuwa mtu wa sauti. Shuleni alipigwa fimbo mara nyingi, na Kiyunani hakukipenda hata kidogo. Lakini Kilatini kilikuwa kama asali kinywani mwake. Baba yake alikufa Augustino akiwa kijana bado, na tajiri mmoja wa Thagaste akamsaidia kuendelea na masomo huko Kartago. Akawa mwalimu wa ufasaha. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha vijana wapi waikaze sauti, wapi wairefushe, na wapi wanyamaze kidogo. Mwalimu wa namna hii hupima wakati kutwa nzima, wala hana saa mkononi.

Alipokuwa akifundisha Thagaste alikuwa na rafiki mmoja, mwenzake tangu utoto. Rafiki huyo akashikwa na homa kali, akabatizwa hali hana fahamu. Alipopata nafuu, Augustino, aliyefuata wakati ule mafundisho ya Wamanikeo, akaufanyia mzaha ubatizo ule. Mgonjwa akamkemea kwa ukali. Baada ya siku chache homa ilirudi, naye akafa. Kwa Augustino mji mzima ukawa giza. Kila mahali alipopita macho yake yalimtafuta asiyekuwapo. Akakimbilia Kartago. Huko siku zikaja na kupita, na kila moja ikamtilia rohoni matumaini mengine na kumbukumbu nyingine, hata huzuni ikalegea. Hakuisahau ajabu hiyo: siku zipitazo hazipiti bure, hufanya kazi ndani ya mtu.

Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi Milano. Askofu wa huko alikuwa Ambrosi. Mwaka 386 watu walikesha kanisani pamoja na askofu wao, kwa kuwa mama yake mfalme alitaka kulinyang’anya kanisa. Monika alikuwamo kati yao. Ndipo Ambrosi alipowafundisha kuimba nyimbo na zaburi, wasivunjike moyo. Mwaka huo huo Augustino aliongoka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 akabatizwa pamoja na mwanawe Adeodatus.

Wakashika njia ya kurudi Afrika. Huko Ostia, karibu na Roma, wakingoja chombo, Monika aliugua, na siku ya 9 akafa, akiwa na umri wa miaka 56. Augustino alijizuia asilie mbele ya watu. Akaoga, kwa maana alisikia kwamba maji hupunguza huzuni, hayakumsaidia kitu. Akalala usingizi. Alipoamka, peke yake kitandani, ukamjia wimbo wa jioni alioutunga Ambrosi. Baada ya hayo machozi yakatoka, naye akayaacha yatoke.

Adeodatus naye alikufa muda mfupi baada ya kufika Afrika, kijana bado. Mwaka 391 watu wa Hippo walimshika Augustino kanisani, wakataka apewe upadri; miaka michache baadaye akawa askofu wao. Karibu na mwaka 397 akaanza kuandika Maungamo, kitabu chenye sehemu 13.

Katika sehemu ya 11 aliuliza wakati ni nini. Yaliyopita hayapo tena. Yajayo hayajafika. Na sasa yenyewe haina urefu: ukitwaa mwaka, ni mwezi mmoja tu uliopo, ukitwaa mwezi, ni siku moja, ukitwaa siku, ni saa moja, na saa nayo hukatika vipande. Hata hivyo watu husema kwamba muda huu ulikuwa mrefu, ule ulikuwa mfupi. Wanapima nini?

Mwenye elimu mmoja alisema kwamba wakati ni mwendo wa jua, mwezi na nyota. Augustino hakukubali. Mianga ya mbinguni ikisimama, na gurudumu la mfinyanzi likiendelea kuzunguka, bado mtu ataona kwamba mzunguko huu ni wa haraka na ule ni wa polepole. Tena katika Maandiko jua lilisimama kwa sala ya Yoshua, lakini vita viliendelea mpaka ushindi. Jua hutusaidia kuhesabu siku, lakini silo wakati wenyewe.

Basi akautwaa mstari mmoja wa wimbo. Una silabi 8, fupi na ndefu zikifuatana kwa zamu. Sikio husikia kwamba ndefu ni mara mbili ya fupi. Lakini ndefu haiwezi kupimwa kabla haijaisha, na ikiisha haipo tena, wala fupi haipo. Mtu ameiweka wapi fupi, hata ailinganishe na ndefu? Katika kumbukumbu, akajibu. Sauti zimeruka, zimekwenda. Alama zake zimebaki rohoni, nazo ndizo tunazozipima. Angeweza kuchagua shairi lolote alilolikariri utotoni. Alichagua mstari wa wimbo ule ule wa Ambrosi uliomjia Ostia, mama yake alipokuwa amezikwa.

Akaeleza pia habari za mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, roho yake inaitazamia zaburi nzima. Anapoimba, yale aliyoyatazamia yanapungua, na yale anayoyakumbuka yanaongezeka, mpaka yote yamehamia upande wa kumbukumbu. Yeyote aliyewafundisha watoto kuimba ameona jambo hili: mtoto asiyekumbuka mwanzo hawezi kushika mwendo wa wimbo. Ndivyo ulivyo, alisema Augustino, uhai wote wa mtu, na vizazi vyote vya wanadamu.

Katika kitabu kingine, cha kueleza Mwanzo, alitaja mafundisho ya waganga wa zamani, kwamba ubongo una vyumba vitatu, na kile cha katikati ni cha kumbukumbu. Waganga wa leo hawaushiki tena mpango huo. Wamechungua ubongo, hawakuona humo saa moja inayotawala yote. Sehemu nyingi hushirikiana. Ile ya kisogoni husaidia kupima vipindi visivyotimiza sekunde moja. Nyingine za ndani, zinazodhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson, husaidia kupima vipindi virefu zaidi. Ndiyo maana wagonjwa hao mara nyingi hukosea kukadiria muda. Kumbukumbu na uangalifu navyo vina nguvu kubwa: anayengoja huona dakika kuwa ndefu, aliyezama katika kazi haoni saa ikipita. Mwaka 1905, huko Ujerumani, mwanafalsafa Edmund Husserl alipofundisha juu ya jambo hili, aliwatuma wanafunzi wake kwanza kwa Augustino.

Augustino aliishi miaka mingine 30 hivi baada ya Maungamo. Alisikia habari za kutekwa kwa Roma mwaka 410, akaandika Mji wa Mungu, vitabu 22. Mwaka 430 Wandali waliuzunguka Hippo, na mwezi wa tatu wa vita hivyo homa ikamshika. Aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, apate kuzisoma akiwa amelala. Kwa muda wa siku 10 hivi hakutaka mtu aingie, ila saa ya waganga na ya chakula. Alikufa tarehe 28 Agosti. Hakuandika wasia, kwa maana hakuwa na mali. Aliagiza tu kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe vizuri kwa ajili ya watakaokuja.